Kabeji za Don Tiburcio

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini akauulize udongo wa Don Tiburcio, maana udongo haujui uongo. Mwenyewe aliujua kidogo. Milima yote ile ya Honduras ilisadiki kwamba kabeji zake hukua kwa maharage ya mbolea peke yake: anayapanda katikati ya mahindi, yanatambaa, anayafyeka, yanaoza, basi.

"Mwaka jana," alikuwa akisema, "kuku alipotea chini ya jani la kabeji yangu. Alipotoka, vifaranga wake nao walikuwa na vifaranga."

Mjane Herlinda, komadre wake kwa kuwa Don Tiburcio alimsimamia mwanawe ubatizo, alicheka, lakini ya maharage aliyaamini. Akafyeka yake, akayazika pamoja na mabua ya mahindi, akapanda kabeji za kuwalisha yeye na wanawe msimu huo. Kabeji zikawa manjano.

Don Tiburcio alizipita kila asubuhi akitazama pembeni. Alikuwa amechoka: magoti, mgongo, na kuulinda uongo kuliko vyote. Siku moja alikuwa ameinama shambani kwake, kijiko mkononi, akaona kivuli.

"Unazilisha sukari, kompadre?"

"Chumvi, komadre. Ya... ya kuua konokono."

Herlinda aliokota chembe, akaigusisha ulimi, akatema. "Yurea! Mbolea ya dukani! Mzee mwongo wewe!"

"Kidogo tu. Nusu ya wanayotia wengine."

"Na mimi ukaniambia maharage yanatosha!"

Don Tiburcio aliketi kwenye tuta, pumzi zimekatika. "Yanafika nusu ya njia. Halafu wewe umezika na mabua. Mabua yakioza yanakula rutuba kwanza, kabeji inabaki kutazama. Hapo ndipo kijiko kinaposaidia. Nilitaka tu watu waseme..."

"Wamesema. Sasa wanangu wale sifa zako?"

Don Tiburcio aliinuka. Alijitwisha mfuko wake wa yurea uliobaki, akamfuata Herlinda hadi shambani kwake. Akaanza mche kwa mche: nusu kijiko, mbali kidogo na shina, anafukia. Herlinda nyuma yake akikagua.

Wapita njia wakasimama kando ya shamba. "Vipi, Don Tiburcio, maharage yamegoma?"

"Hayajagoma," alisema bila kuinua kichwa. "Hata kwangu natia yurea. Miaka yote natia."

Kisha akajikokota hadi mche uliofuata.