Sanduku la Mbele

Shemeji yangu hajawahi kuniletea kitu kizima. Pasi aliyoniuzia ilitoa moshi kabla sijamaliza shuka la kwanza. Mashine ya kufulia aliyoapa kwamba imetumiwa na bibi mmoja tu, tena mpole, ilikuwa ikirukaruka sakafuni mpaka nikaifunga kamba kwenye nguzo. Kwa hiyo aliponiletea baiskeli ya umeme ya kubebea mizigo, yenye sanduku kubwa mbele ya usukani, machale yalinicheza kabla hajafungua mdomo.

"Shemeji, mgongo wako sasa upumzike," alisema. "Unatupa mashuka humu, unakanyaga kidogo, mota inamalizia. Hata mtoto unambeba."

"Mtoto gani?"

"Wako. Asubuhi unamwacha shule, halafu unaendelea na wateja wako."

Mimi nafua mashuka ya nyumba za wageni, na kuyapeleka kwa kichwa na mabega kumenichosha kweli. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuizunguka ile baiskeli huku akitabasamu. Kwa mdogo wake huyu hana macho wala masikio. Nikasema niachiwe niijaribu kwanza, bei tutaongea nikiridhika. Sikuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hasa kwa kuwa mwanangu ndiye angekaa ndani ya lile sanduku, na njia ya shule inashuka mteremko mkali mpaka kwenye barabara ya malori.

Nikaanza na betri. Niliichaji uani, mbali na nguo, nikawa naenda kuigusa kila mara kama mtu anayempima mgonjwa homa. Haikupata joto. Nikajaza sanduku mashuka mabichi, nikaendesha mtaani na kukamata breki ghafla mpaka majirani wakaniuliza kama nina ugomvi na mtu. Zilishika vizuri. Tairi nzima, taa zinawaka, hata kengele inalia. Mume wangu akasema, "Si unaona?" Nilichoona mimi ni kwamba shemeji ameleta kitu kisicho na kasoro, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niolewe, na usingizi ukazidi kupungua.

Kilichonikera ni rangi. Fremu ilikuwa imepauka na kuchubuka kama chombo cha kazi, lakini chini ya sanduku, pale bomba la chuma linapolishika, iling'aa. Nani anapaka rangi mahali ambapo hakuna anayepaona?

Basi asubuhi moja, mume wangu akiwa kazini, nikaiosha. Sisi tunaofua kwa mikono doa tunalitafuta kwa kitambaa cheupe, macho baadaye. Nikapiga magoti, nikapitisha kitambaa cha pamba chenye maji ya sabuni kulizunguka lile bomba. Upande wa chini kikanasa. Nilipokivuta, uzi mmoja ukabaki umening'inia kwenye chuma, na maji yaliyotoka hapo yalikuwa na rangi ya kutu. Nikakwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na ufa ukaonekana, umeshika karibu nusu ya bomba.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuliko nilivyoogopa. Lakini nilijua nikimwonyesha mume wangu atasema mdogo wake hakujua, wimbo ambao nimeshausikia kwenye pasi na kwenye mashine. Safari hii nilitaka shemeji ajiumbue mwenyewe, mbele ya kaka yake. Nikautoa ule uzi, nikakausha bomba, nikamtumia ujumbe aje jioni tumalize biashara.

Akaja na binti yake, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na chai.

"Sasa shemeji, umeridhika?" mdogo wake akaniuliza.

"Kuna kitu kimoja tu. Hii inabeba mtoto bila wasiwasi?"

"Bila wasiwasi wowote."

"Basi mpandishe wako, ushuke naye mpaka kule chini, mimi nione."

Nilikuwa nimeshajua kitakachofuata. Atajikuna kichwa, atakumbuka miadi, atasema mtoto ana mafua. Nikamgeukia mume wangu ili nisipitwe na uso wake.

"Mama mkubwa, na mimi nipige kengele?" Chiriku akauliza. Baba yake akacheka, akamshika kwapani, akamtia ndani ya sanduku. "Shika pembeni hivi," akamwambia. Kisha akapanda, akaondoka.

Nikasubiri. Nikajiambia anaigiza, akifika kwenye kona atageuka na kisingizio. Akapita kona. Akapita bomba la maji, na kengele ikawa inalia mfululizo, maana Chiriku alikuwa ameigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hajui lolote. Na yeye alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na aliyemuuzia, na mbele yake kulikuwa na mteremko.

Nikakimbia. Nilitaka kupiga kelele asimame, lakini akisimama ghafla uzito wote ungelalia pale pale kwenye ufa. Nikawa nakimbia mdomo wazi, mpaka nikamkaribia na kuita, "Shemeji, taratibu. Usikamate breki. Weka miguu chini."

Akasikia. Akaachia kanyagio, akaburuza ndala zake kwenye lami, baiskeli ikapungua kasi. Ilikuwa karibu kusimama kabisa chuma kilipolia na sanduku likainama mbele. Chiriku akatoka kifudifudi, akaanguka kwenye mchanga wa pembeni. Alichubuka goti na kiganja. Alilia kidogo, akaanza kumweleza baba yake jinsi alivyoanguka.

Shemeji hakumsikiliza. Alikuwa amechuchumaa anatazama bomba lililokatika, lenye kutu upande mmoja, na upande huo rangi imekwanguliwa upya. Akapitisha kidole pale. Mume wangu alikuwa ameshafika, anahema.

"Umesema nisikamate breki," shemeji akasema. "Ulijua lini?"

"Asubuhi."

Akambeba Chiriku, akaanza kurudi nyumbani. Mume wangu akainyanyua baiskeli iliyovunjika, akamfuata mdogo wake, na mimi nikabaki na majibu yote niliyokuwa nimemwandalia.

Bado wanatutembelea, undugu haukufa. Shemeji anakunywa chai yangu, ananiamkia kwa adabu, hata utani anafanya. Lakini Chiriku akiwa kwangu, baba yake humshika mkono tangu mlangoni mpaka wanapoondoka.