Feni Zilizotazamana

Tangu afiwe na mkewe, Mzee Hatim wa Basra alizungumza na binti yake Rusul, aliyehamia Uswidi, kwa kompyuta ya kupozwa kwa maji ambayo binti huyo alimwachia. Kila baada ya dakika kumi ilichemka ikazimika.

“Baba, rejeta haipati hewa,” Rusul alimwambia. “Kwenye picha uliyonitumia naona wewe umefunga feni zinapulizana uso kwa uso! Geuza moja, utoe na vumbi.”

Ijumaa asubuhi akafanya hivyo, vumbi akalitoa kwa brashi ya kunyolea. Mchana wakazungumza dakika ishirini, na mashine haikuchemka. Hatim akaanza kusimulia habari za mitende.

“Baba, niache niende, watoto wananingoja.”

“Haya mwanangu, nenda.”

Akabaki ameketi mbele ya kioo cha kompyuta. Miezi yote hiyo alidhani ni joto lililokuwa likiwakatiza.