Asilimia Tatu ya Arusha

Asilimia tatu. Soda ilimgeukia Jackline chungu mdomoni. Mkoa mzima, asilimia tatu!

Ilikuwa sikukuu ya Krismasi, Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, nyumbani kwa mama yake mkubwa, Hanna. Aliyeleta habari ni Nelson, mtoto wa Hanna, anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni inayoingiza mashine za gemu nchini. Kazi yake ni kukadiria kila mkoa umechukua fungu gani la mauzo. Kampuni iliahidi kwamba mkoa utakaofikisha asilimia kumi utafunguliwa karakana yenye spea halisi kama ile ya Dar, na ya Arusha angepewa Jackline, fundi wa Kimandolu, Arusha mjini, aliyechoka kuwarudishia watu mashine zao zikiwa mbovu vilevile.

"Karakana inakwenda Mwanza, wao wamefikisha kumi," Nelson alisema, akichovya nyama kwenye chumvi. "Pole, mdogo wangu. Ndivyo makadirio yalivyosema."

"Mmeyatoa wapi?"

"Madukani. Duka likiuza, tunahesabu mkoa wa duka. Dar inaongoza kwa mbali. Desemba ndiyo usiseme, wananunua kama wamepagawa!"

Desemba! Msomi mzima, mzaliwa wa mteremko huu huu, hajui mashine za Desemba zinakwenda wapi? Wameru wa Dar wote wanapanda nyumbani, na nani atathubutu kuwatokea watoto mikono mitupu?

"Kaka, hiyo mashine uliyomletea mama leo umeihesabu wapi?"

"Si nimenunua Dar?"

"Itachezewa wapi?"

Nelson akacheka. "Aa, hiyo zawadi bwana. Siyo soko."

Hapo Jackline alipandwa na hasira kwelikweli. Zawadi! Umeme wa huku ukikatika na kurudi kwa kishindo, zawadi zinaungua, na anayegongewa mlango ni yeye, siyo Dar. Tangu asubuhi majirani walikuwa wakimletea mashine zao, kwa kuwa walisikia fundi yupo nyumbani. Aliinuka, akazikumbatia zote, akafungua buti la gari la Nelson.

"Jack, unafanya nini?"

"Hizi ni za Dar. Zikatengenezwe kwao. Majirani wenyewe wamesema nizipeleke popote penye spea."

"Acha utani. Mwakani nitarekebisha."

"Mwakani! Mwakani karakana itakuwa Mwanza, na mimi nitakuwa palepale, nawaambia watu pole!"

Hanna alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na mashine ya Krismasi iliyopita, ile iliyoungua kabla ya Pasaka na ambayo bado alikuwa akiifunika kitambaa cha kufuma. Akaipanga juu ya zile za majirani. Kisha akarudi kuchukua boksi jipya.

"Mama, hiyo ni yako!" Nelson alisema.

"Sijaifungua," Hanna alijibu, akilisukuma boksi ndani ya buti. "Irudishe, mwanangu. Isije ikakuharibia hesabu."