Baba Alichagua Turbo Ndogo

Mwaka aliotimiza miaka sitini na saba, baba yangu Hikmat alitutangazia katikati ya mansaf ya Ijumaa, wali wetu wa nyama ya kondoo, kwamba amejiandikisha kushindana mbio za kupanda kilima cha Rumman, na kwamba Jumapili atakwenda kwenye magereji ya Bayader kununua turbo.

Kaka yangu Muhannad alicheka mpaka punje za wali zikamruka mdomoni. Kisha akaona kuwa baba hacheki.

"Turbo ya nini, baba?"

"Ya gari langu. Ulidhani ya friji?"

Gari lenyewe lilikuwa Mazda ya kijani, viti viwili, paa la turubai. Baba alilinunua mimi nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka kununua mkate na kumrudisha. Halikuwa na turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, tangu kiwandani. Muhannad ndiye aliyekuwa mtu wa mashindano katika nyumba yetu. Miaka sita alikuwa akipanda kilima kile kwa Nissan yake ya fedha yenye turbo kubwa kama tikiti maji, na vijana wa Amman wanaopenda mambo hayo walimjua kwa jina.

"Una presha," mama akasema. "Una kisukari."

"Ninavyo vyote viwili, Inaam. Na leseni pia ninayo."

"Utanivua nguo mbele za watu," Muhannad akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtangazaji atasoma jina letu mara mbili. Ya kwanza mimi, ya pili babu anayekwenda kutafuta kaburi."

Baba alifinyanga tonge lake taratibu, akalila, akafuta vidole. "Jina ni langu," akasema. "Wewe nimekuazima tu."

Jioni ile Muhannad alinipigia simu. "Rudayna, dada yangu, nenda naye. Wewe anakusikiliza. Mimi nitazungumza na Nart." Nart ndiye aliyekuwa na gereji Bayader, rafiki yake wa damu. Sikuuliza atazungumza naye nini. Niliafiki, maana mimi pia niliona mzee amepotoka. Mimi ni muuguzi, nimeona wanaume wa umri wake wakiletwa kwa machela kwa mambo madogo kuliko hayo.

Lakini Jumamosi, kabla ya Bayader, baba aliniamsha alfajiri, akanikabidhi daftari na kalamu. "Twende Rumman."

Barabara ilikuwa tupu. Tulipanda kilima kile mara tatu, si kwa mbio, ila kwa mwendo wa mtu anayejua anachofanya. Kazi yangu ilikuwa kuutazama mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na kuandika namba kila tulipotoka kwenye kona. Elfu tatu na mia mbili. Elfu tatu na mia nane. Elfu nne. Kona, tena kona. Ni mahali pawili tu mshale ulipovuka elfu sita, na hapo hapo ilibidi apunguze.

"Umeona?" akaniuliza kule juu.

"Nimeona kichefuchefu."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu astaafu. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mashine za kusukuma hewa katika kiwanda cha fosfeti huko kusini, mashine kubwa kama nyumba, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Hakuitundika kamwe.

Jumapili tukaingia gereji kwa Nart. Palikuwa na vijana watano hivi wamekaa kwenye matairi wakinywa chai, na Nart, mtu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimbusu baba begani na kumpa kiti kilicho kizima.

"Mjomba Hikmat, karibu sana. Muhannad ameniambia. Nasikitika, wallahi. Kwa injini ile ya zamani hakuna seti ya turbo. Wameacha kutengeneza."

Baba alitazama rafu iliyokuwa nyuma ya kichwa cha Nart. Palikuwa na maboksi matatu, na kila moja lilikuwa limechapwa ubavuni picha ya gari la kijani lenye viti viwili.

"Nart, mwanangu," baba akasema kwa upole. "Marehemu baba yako alinifungia klachi mbili na hakunidanganya hata mara moja."

Nart akawa mwekundu mpaka masikioni. Kijana mmoja akakohoa chai. Ndipo nilipoelewa kaka yangu alizungumza naye nini, na nikaona haya, kwa sababu nami nilikuja pale kwa kazi ileile.

Maboksi yakashushwa. La kwanza lilikuwa na turbo kubwa, imeng'arishwa kama birika la harusi, na paipu za rangi ya buluu. La pili la kati. La tatu lilikuwa na vumbi, na turbo yake ningeweza kuifumbata kwa viganja viwili.

"Basi kama ni lazima, chukua hii," Nart akasema akiipigapiga ile kubwa. "Nguvu za farasi mia tatu na hamsini. Ukiwasha, kilima chote kitajua Baba Muhannad amefika."

"Na hii?" Baba alikuwa ameshika ile ndogo.

"Hiyo?" mmoja wa vijana akadakia. "Hiyo ni ya cherehani, mzee."

"Ya kukaushia nywele," mwingine akasema, na gereji nzima ikacheka.

Baba hakugeuka. Alitia kidole kwenye mdomo wa ile turbo ndogo akazungusha feni yake, ikazunguka kwa muda mrefu bila sauti. "Niletee ramani yake."

"Ramani gani?"

"Kila feni ya hewa ina ramani. Mchoro unaoonyesha inafanya kazi vizuri wapi na inakosa pumzi wapi. Mnauza kitu hiki bila kujua kinapumua vipi?"

Hakukuwa na ramani. Nart aliitafuta kwenye simu, akachapisha zote tatu katika mashine ya ofisini, na baba akazitandaza juu ya boneti ya gari la mtu. Akafungua daftari langu. Kwa muda wa saa nzima alihesabu na kuchora kwa penseli, na vijana, mmoja baada ya mwingine, wakasogea kutazama.

"Turbo inazungushwa na moshi wa injini," aliwaambia, kama zamani alipokuwa akiwafundisha vijana wa kiwandani. "Feni kubwa ni nzito kuamka. Barabara ikinyooka, sawa, inaamka na inakimbia. Rumman hainyooki. Unaiamsha, kona hii hapa, inalala. Unaiamsha, kona nyingine, inalala. Unapanda kilima unabembeleza mtoto. Hii ndogo iko macho tangu elfu tatu. Na mimi kilimani naishi elfu tatu mpaka tano. Muulizeni binti yangu, ameandika."

Wote wakanitazama. "Ameishi hapo," nikasema. "Nimeandika kwa mkono wangu."

"Farasi mia moja na tisini tu, mjomba," Nart akasema karibu kwa kusihi. "Kila gari likitoka hapa nalibandika nembo ya gereji. Watu wataniuliza."

"Usibandike."

"Watakucheka kilimani."

"Wameshanicheka hapa, na sijapungua kilo hata moja. Funga hii."

Ilifungwa kwa siku nne, na siku zote nne baba alikuwa pale tangu asubuhi. Siku ya pili alikataa paipu ya oili iliyopitishwa karibu mno na ekzosi. Nart alibisha, baba akakishika kiganja cha Nart, akakiweka pale na kumwambia auache mkono wake hivyo injini ikipata moto. Paipu ikahamishwa. Siku ya nne nilipompelekea chakula nilikuta Nart anamuuliza yeye maswali.

Muhannad alipojua nilichofanya alikuja kazini kwangu na kunisimamia mlangoni. "Nilikutuma umzuie, wewe ukamwandikia hesabu!"

"Ulimfundisha Nart kumdanganya baba yako."

"Kumlinda!"

"Mlinde, lakini usimfanye mjinga."

Hatukusemezana tena mpaka siku ya mashindano.

Kulikuwa na baridi Rumman asubuhi ile, na watu walikuwa wamejaa kingoni na mablanketi na mafurushi ya bajia za falafili. Daktari wa mashindano alimpima baba presha mara mbili, akanitazama mimi, akatia saini kwa shingo upande. Kwenye mstari wa kuanzia msimamizi mmoja alimwambia, "Hajji, mwite dereva, zamu yenu imekaribia." Baba alivaa kofia yake ya chuma na kujifunga mkanda.

Magari yalipanda moja moja kwa kupimwa muda, kila moja mara mbili. Mpando wa kwanza wa baba ulikuwa mbaya. Kwenye kona ya nne aliingia kwa haraka mno, magurudumu ya nyuma yakatoka kwenye lami, na vumbi likapanda mpaka sikuliona gari. Nilianza kukimbia. Nilikuwa nimeshakimbia hatua kumi na mkoba wangu wa dawa begani nilipoisikia ile Mazda ikitoka vumbini na kuendelea. Alimaliza wa tatu kutoka mwisho. Mtangazaji alisema jambo kuhusu wajukuu na watu wakacheka.

Muhannad, aliyekuwa na muda mzuri sana mpando ule, alimfuata pale chini. "Imetosha, baba. Umepanda, umeonekana. Toka kwenye gari."

"Nilikosea kona," baba akasema. "Turbo haikukosea." Nilimpa maji na tende mbili, nikampima sukari, nikapima mapigo ya moyo. Yalikuwa juu lakini sawasawa. Kaka yangu alinitazama akisubiri nimpe sababu ya kumzuia.

"Anaweza kupanda," nikasema.

Mpando wa pili nilisimama juu zaidi, mahali kona tatu zinapofuatana. Gari la Muhannad lilipita kwanza. Kila kona lilikaa kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha likalipuka na kuruka mbele. Lilipendeza kutazama. Baadaye likaja la baba. Halikulipuka hata mara moja. Lilitoka kwenye kona ya kwanza likivuta, ya pili likivuta, ya tatu likivuta, sauti moja tu, kama uzi unaotoka kwenye kigurudumu. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja kando yangu aliacha kutafuna.

Muhannad alipanda kwa dakika mbili na sekunde thelathini na moja. Baba alitumia sekunde moja na nusu zaidi, kwa nguvu ambazo hazikufika nusu ya zile za mwanawe. Nyuma yake waliachwa watu ishirini na sita, wengi wao wadogo kuliko mimi.

Kwa hiyo hakumshinda kaka yangu. Naweka hilo wazi, maana siku hizi Bayader wanaisimulia vingine.

Muhannad alikuja amevua kofia, nywele zimemganda kwa jasho. Alimshika baba mabega yote mawili, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Haya, baba. Nimekubali mbele ya watu wote. Umethibitisha. Sasa tuliuze gari leo, hapa hapa, likiwa na heshima yake. Nina mnunuzi."

"Nimethibitisha nini?"

"Kwamba bado unaweza."

Baba aliitoa mikono ya mwanawe mabegani, mmoja mmoja. "Muhannad, sikiliza. Sikuja kumthibitishia mtu kitu. Ungenishinda kwa dakika nzima, ningekuja tena. Ningekuwa wa mwisho, ningekuja tena. Napenda kuendesha gari, basi. Mpaka lini nitaomba ruhusa ya kupenda kitu kwa watoto niliowafundisha kushika kijiko?"

 Kaka yangu alikasirika, akaondoka bila kungoja zawadi zitolewe, na ilipita wiki mbili kabla hajala tena kwetu.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Msimu uliofuata daktari wa mashindano alikataa kutia saini. Baba alikwenda kwa daktari mwingine, kisha wa tatu, mpaka akapata saini ya haki, kwa sharti la vidonge na kupungua kilo sita. Alipungua saba. Muhannad bado ana turbo yake kubwa na bado anambishia kila Ijumaa, na mama huwatenganisha kwa kuwawekea sinia mbili. Mimi ndiye niandikaye daftari. Mwezi ujao tunapanda tena, na juzi nilimkuta baba uani, miguu yake tu ndiyo inayoonekana chini ya gari, akimfokea Nart kwenye simu kuhusu breki.