Kabari ya Mguu wa Nyuma

Mwalimu wa fasihi alikuwa ubaoni akimalizia neno "ombwe" pale mtu mmoja alipobisha hodi mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine peku, na kiatu cha pili alikuwa amekishika mkononi.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema.

"Karibu, keti," mwalimu alijibu bila kugeuka, maana wachelewaji hawakuwa wageni katika shule ile.

Yule mtu akatafuta pa kukaa. Nafasi tupu ilikuwa moja tu, kiti kilichowekwa mbele ya darasa kwa ajili ya somo, basi akakikalia. Kiti kikatikisika. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umelegea tangu kilipoletwa.

Wanafunzi walimjua kwa kile kiatu. Alikuwa Mume, mhusika wa tamthilia waliyokuwa wakiisoma mwaka ule, yule anayetoka kwenda kwa fundi viatu kabla pazia halijafunguliwa, na harudi. Mchezo mzima ni mkewe kukipangusa kiti chake kitupu, na majirani kuingia mmoja mmoja kumwambia aache. Mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza kama mgeni aandikwe kwa wino au kwa penseli. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema penseli, kwa kuwa hakuwemo kwenye mwongozo.

Mwalimu huyu alipewa jina la Mwongozo kwa sababu kijitabu cha majibu hakikumtoka kwapani, na inasemekana hata mkewe alimwita hivyo akikasirika. Kwa mujibu wa kijitabu, kiti kitupu kinaashiria ombwe la uongozi, vumbi linaashiria ujinga, na kiatu kinaashiria safari ya maendeleo. Alikuwa amefundisha vizuri mno. Wanafunzi wake hawakuweza tena kunywa maji bila kujiuliza maji yale ni nini hasa. Siku mpishi alipounguza chakula, walijadili moshi mpaka kengele ikalia, wakarudi darasani na njaa.

"Mke wangu yuko wapi?" Mume aliuliza.

"Ukurasa wa mwisho," walimjibu kwa adabu.

"Anafanya nini?"

"Anapangusa kiti."

"Hiki?"

Walitazamana. Swali lilikuwa gumu, na hakuna aliyekuwa na hakika. Mwalimu aliliandika ubaoni, akaliwekea alama ya kuuliza, kisha akalifuta.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu wa kwao mguu mmoja ulikosa hata kiatu, lakini walimzoea upesi. Kila asubuhi walimkuta pale pale. Walimsalimu, wakafungua vitabu, wakajadili anaashiria nini naye akisikiliza. Wengine walisema matumaini, wengine mapinduzi, na mmoja aliyependa kubisha alisema ni mvua. Mume aligeuza kichwa kumfuata kila aliyesema, amekunja uso, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa katika lugha asiyoijua. Hakuna aliyetaka kumuuliza alikuwa wapi.

Hakuna, isipokuwa binti seremala, aliyekaa karibu na mlango na kuungoja mwanya.

Baba yake ndiye aliyetengeneza madawati yote ya shule ile, na kiti kile pia. Alikuwa akikimalizia mchana mmoja, nje, chini ya dirisha la chumba cha walimu, gari lisilo na namba lilipoingia getini na kutoka naye. Randa ilibaki chini pamoja na maranda. Walimu walikuwa wakinywa chai. Mkuu wa shule alisema seremala amesafiri, walimu wakasema amesafiri, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa ukisema amesafiri kwa urahisi kama watu wanavyosema habari za asubuhi. Mama yake alisema, "Usiulize, mwanangu. Kuta zina masikio." Lakini binti alitaka kuuliza, tena swali moja tu: je, huko Mume alikokuwa, alimwona baba?

Alinyosha mkono.

"Swali lako linahusu nini?" Mwalimu aliuliza. "Dhamira, wahusika au ishara?"

"Linamhusu baba yangu."

"Baba yako anatokea onyesho la ngapi?"

Binti akaketi. Kesho yake akanyosha tena, akaketi tena. Alianza kuchanganyikiwa, hata akahisi labda ni kweli baba yake amesafiri, na safari inaashiria kitu ambacho yeye peke yake hakukielewa.

Kisha akaja mkaguzi wa shule. Mkaguzi aliketi nyuma, akamtazama Mume kwa muda, akaridhika.

"Zana nzuri sana ya kufundishia," alisema. "Baada ya kipindi inahifadhiwa wapi?"

"Anabaki hapa hapa," alisema mwalimu.

"Msiiache juani."

Mwalimu alifurahi hadi akawaruhusu wanafunzi kuuliza lolote lililomo kwenye silabasi. Binti seremala alisimama. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala, alikuwa akilipindapinda swali lake kama mtu anayetafuta upande wa meza utakaopita mlangoni.

"Mwalimu, naomba kuuliza juu ya mandhari."

"Mandhari ruksa."

Akamgeukia Mume. "Shikamoo, mzee. Huko ulikokuwa, pakoje? Na kuna nani?"

"Marahaba, mwanangu." Mume alikiweka kiatu mapajani. Alikuwa amesubiri kuulizwa hivyo kwa muda mrefu. "Ni chumba kirefu. Taa haizimwi. Tuko wengi, tunalala kwa zamu maana sakafu haitutoshi. Kuna nesi, kuna dereva wa lori. Kuna seremala mmoja hulala ubavuni mwangu. Ameumizwa mbavu, lakini halalamikii mbavu. Hulalamikia kiti. Anasema aliacha mguu wa nyuma bila kabari. Kabari alikuwa ameshaichonga, kaiweka juu ya kizingiti cha dirisha ashike nyundo, ndipo walipomkamata mkono."

Darasa zima lilikuwa likiandika kwa penseli.

"Vizuri," mwalimu alisema, akashika chaki. "Chumba kirefu: utumwa wa fikra. Taa isiyozimwa: nuru ya elimu. Seremala..." Chaki ilisimama. Mwalimu aliutazama ukuta wa upande wa chumba cha walimu.

"Tabaka la wafanyakazi," mkaguzi alimsaidia kwa upole.

"Tabaka la wafanyakazi," mwalimu aliandika.

Binti seremala alitaka kucheka kwa furaha na kupiga ukelele kwa uchungu, vyote kwa pamoja. Kwa kuwa hakujua kipi kitangulie, aliketi, akaukazia macho mguu wa nyuma wa kiti.

Kengele ilipolia alikwenda dirishani. Kabari ilikuwa pale pale juu ya kizingiti, imefunikwa na majani ya chai yaliyokuwa yakimwagwa kutoka ndani. Alipoinua uso alimwona mwalimu amesimama upande wa pili wa kioo, kikombe mkononi.

"Mwalimu, siku ile ulikuwa umesimama hapo hapo?"

"Chai yangu inapoa," mwalimu alisema.

Binti alirudi darasani. Mume aliinuka kumpisha. Binti alikipindua kiti, akaipachika kabari, akaigonga kwa jiwe mpaka ikazama. Ilikaa sawasawa, kama kazi ya mtu anayejua alichopima. Mume alimshukuru, akaketi.

Mtihani ulikuja juma lililofuata. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la miaka yote: kiti kinaashiria nini? Mwalimu alisahihisha karatasi darasani, wanafunzi walipokwisha kwenda nyumbani, kwa sababu siku hizi hakupenda kukaa chumba cha walimu. Ombwe la uongozi, vyema. Ombwe la uongozi, vyema. Kisha akaifikia karatasi ya binti seremala.

"Kiti ni kiti," binti alikuwa ameandika. "Alikitengeneza baba yangu. Hakusafiri. Alichukuliwa, na walimu wakamwona."

Mwalimu aliisoma, akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akapiga alama ya kosa, kubwa na nyekundu, na pembeni akaandika: Umetoka nje ya swali.

Mume alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Amepata, mwalimu?"

"Hapana."

"Kaandika uongo?"

"Hapana," alisema mwalimu, akavuta karatasi iliyofuata.

Mume aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyewahi kujibiwa hivyo mahali pengine, akajiegemeza. Kiti hakikutikisika.