Uyoga wa Makumbi ya Godoro

Mtu akiniambia makumbi ya nazi hayafai kuoteshea uyoga, namkatalia. Yanafaa sana. Yanashika maji kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukitumia, na Dodoma ukipata kitu kinachoshika maji unakishukuru, maana jua la huku halina adabu na bomba hutoa maji siku linapojisikia. Ubaya haukuwa wa makumbi. Ubaya ulikuwa wa mahali nilipoyatoa, na ndio ulionipandisha basi la Kondoa nikiwa nimevaa kandambili za kuogea, roho mkononi.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, serikali ikiuza mashirika yake moja baada ya jingine. Shirika nililokuwa nalichapia taipu likakabidhiwa mwekezaji, na mwekezaji akaona wachapaji tumezidi. Tukapunguzwa. Neno hilo liliniudhi kuliko kazi yenyewe kupotea. Mtu hupunguza nywele, hupunguza chumvi kwenye mchuzi. Mimi Hana binti Matonya napunguzwaje? Nikakaa nyumbani kwangu Chang'ombe nikigombana na kila kiumbe, hadi kuku wa jirani.

Kanisani wakaleta semina ya akina mama kuhusu kilimo cha uyoga. Nilikwenda kwa sababu ya chai na maandazi, nikatoka na wazimu. Mwalimu alitueleza kwamba uyoga hauhitaji shamba. Unahitaji chumba chenye giza, unyevu, na kitu cha kuotea, na kitu hicho kinaweza kuwa mabua, majani makavu ya migomba, hata makumbi ya nazi. Alitugawia chupa za mbegu, kila mmoja na yake, akatuonya kwamba mbegu hiyo haikai. Usipoipanda mapema inakufa ndani ya chupa.

Mabua nilijua yapo wapi. Yapo Haneti kijijini kwetu, njia ya Kondoa, juu ya paa bapa la tembe la baba yangu.

Nikaenda, nikawakuta baba na mama yangu, Dorkasi, uani. Mwaka ule mvua ilitugomea; mtama ulifika magotini ukakauka, na yale mabua yaliyorundikwa juu ya paa ndiyo yaliyokuwa chakula cha ng'ombe mpaka mvua nyingine, kama ingekuja. Hilo nililiona kwa macho yangu, nikajifanya sikuliona.

"Unataka mabua ya nini?" baba aliniuliza.

"Ya kuoteshea uyoga, baba."

"Uyoga hupandwa?"

"Siku hizi unapandwa."

Alinitazama kama anayetafuta mahali nilipoumwa. "Ng'ombe wangu wanalala chini, wanashindwa kuinuka mpaka tuwashike mikia. Wewe unataka chakula chao ukakiozeshe kwenye mifuko ya nailoni."

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu nimeurithi kwake, na mdomo huo haujui kufunga breki. Nikamwambia kwamba tangu nizaliwe amewapenda ng'ombe wake kuliko mtoto wake. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Baba aliinuka, akaelekea zizini, na tangu siku hiyo hatukusemeshana. Nikituma salamu, haijibiwi. Mdogo wangu Nikodemo, aliyekuwa akienda na kurudi, aliniambia jina langu likitajwa baba anatoka nje.

Nilirudi mjini na chupa yangu ya mbegu, hasira zikinichemka. Majani ya migomba Dodoma utayapata wapi? Yakabaki makumbi. Sasa makumbi nayo huku hayapo. Nazi zinatufikia zikiwa zimeshafuliwa huko pwani, zimebaki kifuu na manyoya mawili matatu. Mtoto wa Dodoma akisikia makumbi, anachokifikiria ni godoro. Tumezaliwa juu ya magodoro ya makumbi, yakatuchoma mgongo, yakatulea. Nami nikafikiria godoro.

Na magodoro yalikuwa yanatupwa. Soko lilikuwa limefunguliwa, magodoro ya sponji yakawa yanaingia mjini kwa malori, na hakuna aliyetaka tena kuchomwa mgongo. Shule moja ya bweni ilikuwa imerundika ya kwake nyuma ya jiko, yenye vitambaa vya mistari ya bluu, ikingoja kuyachoma moto. Nikaomba, wakacheka, wakanipa yote.

Nilipoyapasua ule mrundo ulitoa vumbi jeupe, laini, likanijaa puani. Nikafurahi. Mwalimu alikuwa ametuagiza tuchanganye chokaa kidogo ili ukungu mbaya usiingie, nami nikaona kumbe waliotengeneza godoro walishaniwekea, makumbi yasioze. Nikapunguza chokaa yangu. Nikayachambua, nikayaloweka, nikayachemsha kwenye pipa, nikachanganya na pumba za mtama, nikajaza mifuko na kupanda mbegu. Chumba cha wageni nikakiziba madirisha kwa magunia.

Kwa muda hapakuwa na kitu, nami sikulala vizuri. Kisha utando mweupe ukaanza kutambaa ndani ya mifuko, taratibu, ukaenea mpaka makumbi hayakuonekana tena. Nikatoboa mifuko kama nilivyofundishwa. Asubuhi moja nafungua mlango, nakuta vichwa vimechungulia kila tundu, vya rangi ya maziwa, vimebebana. Niliimba. Mimi ambaye kanisani huambiwa nipunguze sauti, niliimba mpaka Lydia akagonga ukuta.

Lydia ni jirani yangu, karani katika ofisi ya Bunge, mwanamke wa vicheko. Alitaka auonje palepale. Nikamkatalia, nami mwenyewe sikuutia mdomoni hata kipande. Kwetu cha kwanza kinaonjwa na baba. Iwe boga, iwe mtama, iwe uyoga wa porini mvua inapoanza, baba anakula kwanza, na sisi wengine tunangoja mpaka kesho yake. Nililelewa hivyo na nilikuwa nataka hasa iwe hivyo. Sikuwa na maneno ya kumwomba radhi baba, lakini kikapu kingeweza kusema. Nikakijaza, nikakifunika kwa kanga mpya, nikampa Nikodemo. "Mwambie baba ni vya kwanza," nikamwagiza. "Usiongeze neno."

Nikodemo alirudi kesho yake kwa basi la asubuhi, akanikuta uani napasua magodoro yaliyobaki.

"Kapokea?"

"Kapokea kwa mikono miwili," alisema. "Kakaa na kile kikapu mapajani, dada, hataki mtu akiguse. Kasema, mwaka ambao nchi nzima imekosa, binti yangu amevuna. Kawaalika wazee wa jirani waje wale leo alasiri."

Nilikaa chini juu ya makumbi yangu nikalia. Kule kununiwa kulikuwa kumekwisha.

Lydia alikuja kutazama ninalia nini. Akasimama ghafla, macho kwenye vile vitambaa.

"Haya si magodoro ya shuleni kwetu?" akasema. "Hii mistari ya bluu siwezi kuisahau. Nimelalia haya sekondari yote! Kulikuwa na kunguni humo ndani, shoga, wa kumbeba mtu." Akacheka. "Kila shule ikifungwa walikuwa wanayapasua pembeni wanamimina dawa. DDT. Tukirudi tunapiga chafya wiki nzima."

"Dawa gani? Ya maji?"

"Ya unga."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe, kama sembe." Ndipo akaniona uso, kicheko kikamkauka. "Hana. Usiniambie ulikuwa hujui."

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imejaa ule unga mpaka kwenye kucha.

Nilimwambia Nikodemo asimame mlangoni pa chumba cha uyoga, asiruhusu mtu yeyote kuingia, na nikatoka mbio kwenda stendi kama nilivyokuwa. Basi la Kondoa lilikuwa linajaza. Njia nzima lilisimama kupakia magunia, kushusha magunia, dereva kusalimiana na watu, nami nikamfokea kondakta mpaka abiria mmoja akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nilijipa moyo kwamba safari hii baba angengoja ale pamoja na wageni wake. Nilikuwa nawahesabu wazee wa jirani mmoja mmoja, wenye wajukuu, wenye magongo, walionibeba mgongoni nikiwa mdogo, wote wameketi wanangoja kula dawa ya kunguni kutoka mikononi mwangu. Na katikati yao baba, akinisifu. Hicho ndicho kilichokuwa kinanikata maini. Alikuwa amenisamehe, na nilikuwa nakwenda kumwambia arudishe msamaha wake.

Niliingia uani nikihema. Wazee walikuwa wameketi kwenye vigoda, ugali wa uwele umeshawekwa katikati, na mama Dorkasi anatoka ndani na chungu kinachofuka mvuke. Harufu ilikuwa nzuri. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri sana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Uso wake ulifunguka wote. "Mnamwona? Amekuja kula nasi uyoga wake. Karibu, mwanangu, kaa."

Tangu ugomvi wetu hakuwa ameniita mwanangu. Kwa kitambo kidogo nilitamani kukaa. Nasema kweli, nilitamani nikae, ninyamaze, na iwe itakavyokuwa. Kisha nikaenda kwa mama, nikamnyang'anya chungu, nikakimwaga chote mchangani. Kuku wakaja mbio. Nikawafukuza kwa mawe huku napiga kelele kama kichaa.

Kumwaga chakula cha mzee mbele ya wageni wake ni jambo ambalo kwetu sijawahi kuliona, wala kulisikia likisimuliwa.

"Hana!" Baba alikuwa amesimama. "Umenichukia kiasi hicho?"

"Kuna sumu, baba."

Nikawaeleza. Kwa Kigogo, kwa sauti, wote wasikie: magodoro, kunguni, unga mweupe nilioudhania chokaa. Kila nilipofika mahali nilitamani niishie hapo, lakini nikaendelea mpaka mwisho. Mzee mmoja alijifuta mikono kwenye shuka lake ingawa hakuwa amegusa kitu.

Baba alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliwageukia wageni wake. "Mmesikia," akasema. "Leo hakuna chakula hapa. Mnisamehe kwa kuwasumbua." Wakaondoka mmoja mmoja, wakimpa mkono kama watu watokao msibani. Mama Dorkasi alikuwa ameketi kizingitini, kanga usoni, analia.

"Mama, nyamaza," nikamwambia. "Aibu itapita. Mimi nimewahi, hakuna aliyekula."

Aliondoa kanga usoni. "Baba yako alikula jana," akasema.

Nilimgeukia baba. Alikuwa ameketi tena kwenye kigoda chake, anatazama ule uyoga mchangani.

"Ulikula?"

"Nilikula bakuli zima. Mtamu."

"Baba, wewe umewaalika watu kwa leo, kwa nini ulikula jana?" Nilikuwa nafoka na machozi yananitoka. "Tumbo linauma? Kichwa? Umetapika? Inuka, twende zahanati."

"Sijambo. Kelele zako ndizo zinaniuma."

"Ningekuonjea mimi kwanza! Nilikuwa nao ndani, mikononi mwangu, sikuugusa hata kidogo, nikangoja wewe uanze. Kwa heshima yako!"

"Heshima." Alilitamka neno hilo kama kitu kilichomkwama kwenye jino. "Ulidhani baba anakula kwanza kwa sababu ya heshima?"

Tangu utoto nilikuwa nimedhani hivyo, na wakati mwingine, njaa ikiniuma, nilikuwa nimemwonea wivu.

"Uyoga unaua watu, Hana. Na mtama ukilala vibaya unaua, na mboga ya porini. Mimi nilimwona baba yangu akila, nasi watoto tumekaa kimya tunamtazama mpaka kulipopambazuka. Wageni siwawekei kitu ambacho sijakila nikakilalia." Akanitazama usoni. "Baba anakula kwanza kwa sababu yeye ameshazaa."

Nikaketi mchangani karibu na kigoda chake nikalia, naye hakuniambia ninyamaze. Baadaye alikubali twende zahanati asubuhi, kwa sharti nisimshike mkono njiani kama kipofu.

"Hiyo mbegu yako imebaki?" akaniuliza.

"Mwalimu anaweza kunipa nyingine. Lakini sipandi tena, baba."

"Utapanda. Tafuta makumbi ambayo hayajalaliwa na mtu." Akameza mate, akajishika tumbo kidogo, akaona ninamwona, akaondoa mkono. "Ukivuna, uniletee mimi kwanza. Usithubutu kuonja."