Ukurasa wa Kumi na Nne

Kila asubuhi saa kumi na mbili, redio yetu ya Punta Caimito ilimpa Mwalimu Secundina Norales nusu saa aseme anachotaka, naye alisema. Alisema wali wa maharage usiotiwa tui la nazi ni chakula cha wagonjwa. Alisema kitabu alichoazima kwa padri amekirudisha alipofika ukurasa wa arobaini, kwa sababu mwandishi anaieleza bahari kama mtu aliyeiona dirishani tu. Waliotupa mifuko ya plastiki ufukoni aliwataja kwa mitaa yao, na wawili watatu kwa majina. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, kwa hiyo nusu ya mji aliwahi kuichapa rula vidoleni, na nusu nyingine ni watoto wao. Mimi, Wilmer Suazo, nilikaa na mitambo upande wa pili wa kioo. Kazi yangu ilikuwa kumwashia kipaza sauti na kumzimia.

Mwishoni mwa Machi, wiki mbili kabla ya sikukuu ya kukumbuka siku wazee wetu walipofika Honduras, hoteli iliyokuwa ikijengwa kando ya ziwa la mikoko iligawa kijitabu nyumba kwa nyumba. Kurasa ishirini na nne, karatasi za kung'aa, picha za rangi, bure kabisa. Jalada lilisema ni historia ya mji wetu.

Mwalimu alikisoma mara mbili, kisha akakileta studio.

"Nimeletewa kitabu," aliwaambia wasikilizaji. "Nikiletewa kitabu nakisoma, na nikishakisoma nasema. Tutakwenda ukurasa kwa ukurasa."

Ukurasa wa tatu ulisema mji ulizaliwa siku lilipojengwa gati la kupakilia ndizi. "Basi nyanya yangu alizaliwa kabla ya mji," alisema. "Sijui mama yake alijifungulia wapi. Labda juu ya wingu. Waingereza walitufukuza kisiwani San Vicente, tukafika pwani hii tukiwa na mbegu za muhogo, na gati lilikuwa bado ni mti msituni." Ukurasa wa tisa ulifundisha kupika ereba, mkate wetu wa muhogo: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha muhogo, tia kwenye oveni. "Jamani," alisema, "huo ni mkate wa muhogo, au ni mkate uliopita karibu na muhogo?"

Madukani watu waliongeza sauti za redio. Jioni yake, mimi na Mwalimu tukiandaa kipindi cha kesho studio, akaja Hipólito Guity, mwenyekiti wa redio, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wa Mwalimu.

"Shemeji," alisema, "hawa watu wa hoteli wametuahidi mnara mpya wa redio. Sauti itafika mpaka milimani."

"Sauti ya nani?"

"Yetu."

"Ikisema nini?"

Hipólito alijikuna shingo. "Wewe zungumzia mapishi tu. Mapishi unayaweza."

"Leo nimezungumzia mapishi, na umekuja umenuna."

"Nakuomba kama ndugu."

"Na mimi nakujibu kama ndugu. Keshokutwa nafika ukurasa wa kumi na nne."

Ukurasa huo ulilieleza ziwa. Ulisema ni eneo tupu, lisilo na matumizi, linalosubiri kupendezeshwa. Malori yalikuwa yameshaanza kumwaga kifusi upande wa kaskazini. Mwalimu alisoma maneno hayo taratibu, akayarudia, kisha akauliza, "Tupu? Hipólito, Jumapili ulikunywa supu ya kaa kwangu, ukaongeza bakuli. Kaa wale walitoka wapi, benki?"

Hipólito alikuwa amesimama nyuma yangu. "Zima," akasema.

Nikazima, nikaweka muziki.

Mwalimu aliiona taa nyekundu ikifa. Alikunja miwani, akachukua mkoba. Alipopita mlangoni kwangu alisema kwa upole, "Umezima vizuri, Wilmer. Hata hukunitazama."

Nilipofika nyumbani sahani yangu ilikuwa imefunikwa chini juu.

"Mama, chakula kiko wapi?"

"Kimezimwa," mama akajibu. Jina lake ni Petrona, na hana mazoea ya kufanya mzaha. Akachukua kijitabu chake na kalamu, akatoka. Nikamfuata kwa sababu sikuwa na la kufanya, na njia nzima hakugeuka.

Alikwenda kwenye banda la kukunia muhogo. Wanawake kama ishirini walikuwa kazini, mbao za kukunia mapajani, na Mwalimu amekaa katikati yao akiendelea na ukurasa wa kumi na nne kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila mmoja alikuwa na nakala yake. Akimaliza aya, waliacha kukuna, wakafuta mikono, wakaandika pembeni ya ukurasa. Mmoja aliandika majina ya mahali sita ziwani ambako nyanya yake aliwinda kaa. Mwingine aliandika jinsi mikoko ilivyozuia maji mwaka wa kimbunga, nyumba za upande ule zikapona. Mama, ambaye barua zake zote huniandikisha mimi, aliandika mwenyewe, herufi kubwakubwa: HAPA NDIPO WILMER ALIPOJIFUNZA KUOGELEA.

Nilisoma juu ya bega lake. Nikaomba nakala nami niandike, wakaniacha nisubiri kwanza. Nikakuna muhogo hadi vidole vikachubuka, ndipo nikapewa.

Baada ya siku tano Hipólito aliona kimya kinamchoma. Watu walikuwa hawafungulii redio kabisa. Akamwambia Mwalimu anaweza kurudi, sharti aanze kwa kuiomba hoteli radhi hewani.

"Nitaomba," alisema Mwalimu, upesi kiasi cha kunitia wasiwasi.

Jumamosi aliingia na mkoba umejaa vijitabu. Nikawasha.

"Nimeambiwa niombe radhi," alisema, "na kweli nina kosa. Wiki iliyopita nilisema picha ya ukurasa wa kumi ni nzuri. Nimeitazama tena. Si nzuri. Naomba mnisamehe. Sasa nitasoma mlichoandika wenyewe."

"Zima," Hipólito akaniambia.

Nina watoto wawili, na kazi za kukaa kitini ni chache pwani yetu. "Zima mwenyewe, Bwana Hipólito," nikasema, nikasimama kumpisha kiti.

Akakaa. Mbele yake kulikuwa na vitufe zaidi ya thelathini. Alibonyeza kimoja, sauti ya Mwalimu ikazidi kuwa kubwa. Alibonyeza kingine, kukawa na mwangwi kama kanisani. Alitafuta kwa dakika kumi na nane, na kwa dakika zote hizo Mwalimu alisoma: majina ya mahali, ya samaki, ya waliokufa. Alisoma hata neno la mama yangu. Mwisho Hipólito akatoka nje, akakata umeme wa jengo zima. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasema kwamba Jumatatu muhogo utakuniwa barabara ya ziwani, na kila mtu aje na kigoda chake.

Jumatatu nilikuwa sina kazi, kwa hiyo niliwahi. Lori la kwanza la kifusi lilipofika lilikuta vigoda vimeziba barabara kutoka ukingo hadi ukingo, moto umewashwa, na bamba la chuma la kuchomea mkate limeshapata moto. Dereva alipiga honi. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mama zangu, nina kazi," alisema akishuka.

"Sisi pia," Mwalimu akamjibu. "Kaa, mwanangu. Umekula?"

Malori manne yalipanga foleni hadi saa sita, kisha yakageuza. Yalirudi Jumanne pamoja na polisi wawili, mmoja wao mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ambaye alisimama mbali akisoma ubao wa matangazo usio na tangazo. Jumatano yalirudi tena. Nasi tulirudi.

Upande wa kaskazini umeshafukiwa, na hoteli imesimama juu yake. Mnara mpya hatukuupata, na mimi sasa natengeneza redio za watu sebuleni kwa mama. Upande wa kusini haijaingia hata toroli moja. Huu ni mwezi wa saba tangu tuizibe barabara. Kwenye barabara ile tumejenga banda la makuti, lina jiko na rafu ya vitabu, na asubuhi Mwalimu huja pale na kukaa, akasema anachotaka.